Maneno ya Monique

Kuni zilikuwa mbichi asubuhi hiyo, na moshi ulijaa jiko lote la kituo cha wagonjwa wa akili. Arlette alikaa kwenye kigoda akichambua maharage. Pembeni yake alikaa yule mgonjwa waliyempa jina Monique kwa sababu hakuna aliyejua lake. Watu wa parokia walimwokota barabarani, peku, nguo imechanika, na tangu siku hiyo hakutoa hata neno moja.

Dokta Étienne, mkubwa wa kituo, alitaka mgonjwa aulizwe maswali. Unaitwa nani, unatoka wapi, ulipoteza nani. Arlette alijaribu siku za kwanza, akaona kila swali linamkunja mwanamke yule zaidi. Akaacha. Akawa anakaa naye tu, mikono yao wote wawili ikiwa na kazi: maharage, majani ya muhogo yaitwayo sombe, nguo za wodi. Wauguzi wenzake walimcheka sana. "Dada Arlette, ule njo anakuponyesha weye, ao weye njo unamuponyesha?" Josias wa chumba cha dawa alimtania hivyo kila siku, naye alicheka nao, ingawa ilimuuma.

Basi asubuhi hiyo, katikati ya moshi, Monique akafungua mdomo, akasema. Sentensi nzima, kwa lugha ya kwao, sauti inakwaruza kama mlango uliokaa bila mafuta. Arlette ni Mualur wa Mahagi, hakuelewa kitu. Lakini furaha ile, jamani! Alitaka kulia. Akayarudia maneno kimoyomoyo asije akayasahau, maana shuleni walifundishwa hivyo: maneno ya mgonjwa hupelekwa kama alivyoyasema mwenyewe, bila kuongeza, bila kupunguza.

Akaenda nayo kwenye mkutano wa asubuhi. Mbele ya wauguzi, watu wa jikoni na watu wa dawa, akayatoa yote, neno kwa neno, huku anatabasamu.

Mtu mmoja akakohoa. Josias, ambaye hakosi la kusema, aliangalia viatu vyake.

Lugha yenyewe sitaitaja. Mwezi wa tatu walisakwa hawa, mwezi wa tano mji ukageuka wakasakwa wale, na waliokuwa wanakimbia jana ndio leo wanaokimbiza. Itoshe kusema kwamba wiki hiyo, kwenye kizuizi cha barabara pale Mbunya, wenye bunduki walimwambia kila mpita njia: "Salimia kwa luga ya kwenu." Aliyesalimia kwa lugha ile hakufika nyumbani. Na Arlette, mtu mzima mwenye diploma yake, alikuwa ameitangaza kwa kinywa chake mwenyewe.

"Muzuri," alisema Dokta Étienne bila kumtazama. "Tuendelee."

Jua halijafika juu, muzee Alphonse, mlinzi wa mlangoni, akaingia jikoni anahema.

"Mama Arlette, bale banakuya. Batatu, na bunduki. Mutu moja wa hapa aliendaka kubaambia."

"Nani?"

"Uache nani! Chumvi imepanda bei, mama. Kuko mutu balimulipa, leo atakula na chumvi."

Arlette alimshika mkono, akamnong'oneza yale maneno ya asubuhi. "Muzee, weye uliuzishaka samaki kule kwabo Monique, luga yabo unaijua. Alisema nini?"

Alphonse akaangalia jiko. "Alisema, moto inazimika. Tuongeze kuni."

Ee Mungu wangu. Mtu afe kwa sababu ya kuni!

Ufunguo wa kabati la dawa ulikuwa mfukoni mwake. Sindano moja tu, Monique angelala, na aliyelala haambiwi asalimie. Dokta angefanya hivyo bila kufikiri. Lakini Arlette aliwajua waliolazwa kwa dawa. Ukiwatikisa huamka nusu, hunung'unika, na wanaponung'unika hawachagui lugha; hutoka ile ya mama. Hapana. Kama kuna kitakachomwokoa mwanamke huyu, ni akili yake mwenyewe.

Akapiga magoti mbele yake. Miezi yote hiyo hakuwahi kumwamuru kitu.

"Mama, usiseme tena. Bale banakuya. Hata bakuumize, usiseme. Kama mwanzo."

Monique alimtazama usoni moja kwa moja. Alielewa, hilo Arlette hakulitilia shaka hata kidogo. Yalikuwa macho ya mtu mwenye akili timamu.

Waliingia, Dokta Étienne mbele akifikicha mikono. Komanda wao alivaa koti la mvua la manjano ingawa jua lilikuwa kali. Alichuchumaa mbele ya Monique, akamsalimia kwa lugha ile ya asubuhi. Kimya. Akasema lingine, taratibu, anatabasamu, na pale mlangoni muzee Alphonse, aliyeelewa, akafunika uso kwa kofia yake. Monique aliangalia maharage. Komanda akavuta sigara yake, kisha akaizima kwenye mkono wa mwanamke. Monique aliendelea kuangalia maharage.

"Anasema huyu, ao hasemi?" komanda aliuliza.

Dokta Étienne akamgeukia Arlette. "Si weye njo ulituambia? Jibu."

"Hasemaka," alisema Arlette. "Ile ya asubui ilikuwa bongo."

"Bongo?"

"Nilidanganya. Nilichoka kuchekwa. Nilisikiaka ile maneno ku soko, nikasema ni yake, dokta anisifu."

Komanda alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe njo weye iko kichaa! Dokta, umufunge huyu!" Akaibeba sufuria yote ya maharage, wakaondoka.

Dokta Étienne alibaki amesimama. Alijua. Arlette alimwona kabisa kwamba alijua, na hicho ndicho kilichomchoma kuliko matusi ya komanda.

"Muuguzi mwenye kubuni maneno ya mugonjwa hawezi kubaki mu wodi," alisema. "Kesho utaenda kwa kufua mashuka. Jeanine atakamata wagonjwa wako."

"Dokta, weye mwenyewe unajua..."

"Najua ile ulisema mbele ya batu."

Jioni Arlette aliufunga ule mkono ulioungua. "Mama, bameenda," alinong'ona. "Tuko siye wawili tu." Akamletea sombe wachambue pamoja kama kawaida. Mikono ya Monique ililala mapajani, haikugusa jani. Macho yalikuwa yale ya siku ya kwanza, yanakupita yanaenda mbali. Alikuwa anaigiza bado, au amejifungia tena kweli? Arlette alimkazia macho mpaka yakamtoka machozi, na pamoja na ujuzi wake wote hakuweza kujua. Wala hakuwa na wa kumuuliza. Kuuliza ilikuwa ni kutangaza upya kwamba mwanamke huyu anaweza kusema.

Jeanine alikuja kupokea wodi. Alikuwa msichana mwema, mgeni kazini, bado ana hamu ya kuponya watu.

"Dada, huyu anasemaka?"

"Hapana."

"Nikuwe namuuliza nini?"

"Usimuulize kitu. Umupe uji, umukalishe ku jua." Arlette alivua aproni, akamkabidhi ufunguo wa kabati. "Na siku akisema, usiambie mutu. Hata miye usiniambie."