Chuma cha Juu ya Pipa la Kabichi

Tangu Prokhor afariki, girya yake ilikuwa imeachwa kushikilia mlango wa ghala usibamizwe na upepo. Donge la chuma la kilo kumi na sita, lenye mshikio juu, ambalo babu zao walilitumia kupimia nafaka sokoni kabla vijana hawajaanza kutambiana kwa kulinyanyua. Prokhor alikuwa akilinyanyua kila asubuhi uani, kifua wazi, hata theluji ikianguka. Pelageya, mkewe, alikuwa akimpigia kelele kutoka dirishani kwamba atakufa kwa kichomi. Hakufa kwa kichomi. Alikufa usingizini kama watu wengine, akamwacha peke yake na chuma.

Kazi ya girya iliyobaki ilikuwa moja kwa mwaka. Vuli, kabichi ikishakatwakatwa na kutiwa chumvi pipani, hufunikwa kwa ubao, na juu ya ubao huwekwa girya iliyofungwa kitambaa safi, ikandamize mpaka maji yapande. Kuiweka pale hakukuwa kazi ya Pelageya. Ilikuwa ya Prokhor, kisha ikawa ya mwana wao Rodion, aliyekuja toka mjini kwa ajili hiyo, akala mkate wa samaki, akakoroma karibu na jiko, akaondoka kesho yake.

Halafu majira ya kuchipua yalipofika, ndoo ilimshinda Pelageya kisimani. Mpini wa roda ya kuvutia ndoo ulimponyoka, ukamgonga bega, akaketi kwenye matope hadi jirani yake Glafira alipomkuta. Kuanzia hapo Rodion akawa anakuja kila Jumamosi kumjazia maji na kumpasulia kuni. Alikuja akiwa amechoka, akaondoka akiwa amechoka zaidi.

"Mama, hatuwezi kuendelea hivi," alisema siku moja, kikombe cha chai mkononi. "Nikija vuli nikakuta bado huwezi kuchota mwenyewe, tunafunga nyumba. Unakuja kukaa kwetu."

"Kule ghorofani nitafanya nini?"

"Utapumzika."

"Kupumzika nitapumzika na baba yako makaburini. Haraka ya nini?"

Alicheka, lakini wazo la kuhama lilimtisha. Alikijua chumba ambacho angepewa kule, na dirisha lake linalotazama ukuta. Mkwewe alikuwa mtu mwema, tena mwema wa kumnyang'anya mtu kijiko ili asijisumbue kukoroga chai. Na hapa koti la Prokhor lilikuwa bado kwenye msumari wake. Nani angelikung'uta?

Kesho yake akaenda kwenye mlango wa ghala, akainama, akashika ule mshikio kwa mikono miwili. Chuma hakikujali. Akakumbuka Prokhor alivyokuwa akiwafokea vijana wa shamba la ushirika: "Mgongo wima! Mkono ni kamba tu, nguvu iko kiunoni!" Akanyoosha mgongo, akasukuma nyonga mbele. Girya ikaachana na ardhi, kidogo tu, ikarudi kwa kishindo kikubwa na kuwatawanya kuku.

Kiangazi chote akaishughulikia. Kwanza kuinyanyua na kuitua. Kisha kutembea nayo hadi langoni. Kisha kuibembeza katikati ya miguu, nyuma, mbele, mpaka ikapanda yenyewe kifuani. Glafira aliegemea uzio akila mbegu za alizeti na kutema maganda.

"Shoga, unatafuta mchumba?"

"Nimeshampata. Mzito kidogo, lakini hanywi."

"Basi huyo mshike, usimwache!"

Walicheka hadi machozi. Glafira akaenda zake kwa wajukuu, na Pelageya akabaki uani na chuma. Alikuwa ameanza kuzungumza nacho, na hilo hakumwambia mtu.

Kufikia vuli, roda ya kisima ilizunguka bila ubishi. Alibeba ndoo mbili kwa mzega begani, mgongo wima, hata tone halikumwagika. Na hapo ndipo majivuno yalipomponza. Rodion alipofika kwa ajili ya kabichi, alimkuta mama yake amesimama kando ya pipa, mikono kiunoni, na girya iko juu ya ubao tayari.

"Nani amekuwekea?"

"Baba yako," alisema Pelageya. Kisha akaitoa, akaibembeza, akaipandisha begani, akaisukuma juu kabisa mbele ya macho ya mwanawe.

Rodion alipiga mayowe kama mtoto. Akamrudisha uani arudie ili amrekodi kwa simu. Akamkumbatia, akapima mkono wake, akachungulia pipa la maji: limejaa. Akaenda kwenye kuni: zimepasuliwa, zimepangwa. Hakukuwa na kitu cha kufanya.

"Umeshinda, Mama. Nyumba ni yako," akasema, na uso wake ukawa mwepesi kuliko Pelageya alivyouona kwa miaka mingi. "Nami nilikuwa silali nikikuwaza! Acha niwahi basi kabla ya giza." Mkate wa samaki akaufunga kwenye karatasi, akaenda nao.

Jumamosi iliyofuata Pelageya aliweka vikombe viwili mezani. Iliyofuata pia. Theluji ikaziba uzio. Rodion alipiga simu, kwa furaha kabisa, na akasema kazini kwake wote wameiona ile video, wanamwita mama chuma. Upweke ulimkaba Pelageya waziwazi sasa, hakuweza tena kuuita jina lingine.

Jumamosi moja alipika mkate mzima wa samaki, akaketi mbele yake, akainua simu.

"Rodya, mwanangu. Girya imenishinda. Siwezi kuifikia kabichi."

Kikasikika kicheko kikubwa, kile kile cha babake.

"Wewe? Girya ikushinde wewe? Mama bwana, acha utani! Subiri niwaambie watoto."

Akasikia akiwaambia, na watoto wakicheka. Naye akacheka kidogo, asiwaharibie.

"Haya, kuleni vizuri," akasema.

Akakata simu. Akaenda ghalani na bakuli, akanyoosha mgongo, akaiondoa girya juu ya pipa kwa mkono mmoja. Ilikuwa nyepesi sana.