Mama Aliposikia Joto

Theluji ilianguka siku nne huku kwetu Y Ty, juu milimani, ikalalia iliki zetu kule msituni mpaka mashina yakavunjika. Nyati wetu wa kulimia tulimwingiza ndani, akalala karibu na moto pamoja nasi. Siku ya tano niliamka nikakuta jua kali kama la mwezi wa nne, baridi inapokuwa imekwisha. Saa tatu asubuhi mapaa yote yalikuwa yanachuruzika maji. Nikapanda msituni kuangalia iliki nikiwa nimevaa majaketi mawili. Nikateremka nimeyabeba begani, jasho linanitiririka.

Mlangoni nilimkuta mke wangu, Xo Be, ameshika kichwa.

"Ingia umwone mama yako," alisema.

Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni kubwa. Alikuwa ameuteremsha mpunga wote wa mbegu kutoka darini, akauloweka kwa maji ya vuguvugu. Wote, haikubaki hata punje.

"Mama, huu mwezi gani?" niliuliza.

"Wa kusia mbegu. Huoni jua? Mpaka mpichi umeshatoa maua, ninyi mmelala tu."

Nilichungulia nje. Kweli, mpichi ulikuwa umechanua.

"Lakini mama, jana tulikuwa tunakanyaga theluji," Xo Be alisema.

"Theluji gani?"

Miaka miwili sasa mama alikuwa anasahau majina yetu, na nilishazoea kumsahihisha. Siku ile nilitoka nje nitafute theluji ya kumwonyesha. Yote ilikuwa imeshayeyuka. Nyuki walikuwa wanazunguka yale maua. Kama mgeni angefika wakati ule, angemwamini mama, mimi angeniona mwongo.

Jirani yetu Go Xe alipita, akaliona beseni kupitia mlangoni.

"Tho!" aliniita. "Mwaka mpya bado, wewe umeshaanza kilimo? Utatualika lini tule wali wa mpunga mpya?"

"Nenda zako, Go Xe."

Aliondoka akicheka. Jioni alirudi, akasimama karibu nami, sauti chini.

"Hivi, mama yako alisemaje hasa? Tusie, au tungoje?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Kalenda inasema hivi, jua linasema vile. Mke wangu ameshafua mablanketi yote."

Hatukulala vizuri. Xo Be alitaka tuuanike mpunga, mimi nilihofu kwamba umeshaanza kuchipua, na ukikauka utakufa. Asubuhi tukaugawa: nusu tukautandaza kwenye kichaga juu ya moto ukauke, nusu tukaupeleka kwenye kitalu. Mama ndiye aliyesia. Mkono wake ulirusha mbegu bila kusita, zikaanguka sawasawa, na mimi nyuma yake nilizifunika kwa nailoni nikijisikia mjinga. Siku ya sita tangu kusia, miche ilikuwa na urefu wa kidole. Nikaanza kufikiri huenda mama ndiye mwenye akili, sisi ndio tumepotea.

Siku ya tisa ukungu ulishuka, na baridi ikarudi na barafu yake. Nilipofunua nailoni miche ilikuwa imelala, rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa. Ile nusu tuliyoikausha tuliijaribu kwenye kitambaa chenye maji. Katika punje ishirini, tatu tu ndizo zilizoota. Iliyobaki Xo Be aliipika pombe.

Niliogopa kumwambia mama. Alikaa karibu na moto, amejifunika, akiutazama mlango.

"Theluji itaanguka mwaka huu," alisema. "Msiloweke mbegu mapema."

Xo Be alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyecheka.

"Sawa, mama," nilisema. "Tutangoja."

Mwezi wa kusia ulipofika nilishuka bondeni kwa shemeji zangu, nikarudi na gunia la mbegu zao. Mpunga wa mbegu hizo ulitoka mwekundu kidogo, si kama wetu. Mama aliula wali wake bila kuuliza chochote.