Jiko Lisilotengenezwa

Mkewe aliposema anaona cheche, fundi wa kuchomelea hakugeuka hata kumtazama. Umeme uliokatika tangu jana ulikuwa umerudi sasa hivi, na yeye alikuwa akivaa miwani yake nyeusi.

"Nimekwambia mara ngapi usitazame moto wangu? Nenda kalale, weka kitambaa cha maji machoni."

"Na kichwa kinagonga, Baba."

"Kitaachaje kugonga, na wewe umekodoa macho kwenye chuma?"

Mke akarudi ndani, mkono mmoja kiunoni, mwingine ukipapasa ukuta. Mimba ilikuwa kubwa, na miguu imevimba hata kandambili hazimwingii. Fundi akainamia kitanda cha chuma cha mteja mmoja mkali, mtu wa kupiga simu asubuhi na jioni. Akachoma kiungo cha kwanza. Kitu kikawa kinamkereketa moyoni, kama unyasi ndani ya soksi. Akazima mashine, akaiwasha, akaizima tena.

Ndipo ikamjia. Kiungo kile ndicho moto wake wa kwanza tangu jana. Sasa mkewe alitazama moto gani?

Akaitupa miwani. Maneno ya Mkoba yakamrudia yote kwa mpigo: "Shemeji, kichwa kikimgonga na macho yakaona cheche, usingoje. Hiyo ni presha ya mimba, inaua mama na mtoto. Niite, nami nitaita gari la wagonjwa."

Mkoba alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa, mama wa makamo aliyepita nyumba kwa nyumba na mkoba wake begani. Watu walimwamkia vizuri, kisha wakaomba kimoyomoyo aende kwa jirani. Mtaa ulishakata shauri: Mkoba akiingia kwako, una kifua kikuu, au lile gonjwa jingine, na wateja wanakuhama. Kwa hiyo fundi alimpa sharti. Aje amebeba jiko la mkaa lenye mguu uliovunjika, kama mteja, apite karakana, aingie kwa mlango wa nyuma. Kumbe jiko lile lilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, lakini halikupona tangu mimba ikiwa changa. "Fundi gani wewe," majirani walimcheka, "jiko linaingia na kutoka kama mgonjwa wa kudumu!" Na namba ya simu ya Mkoba, ambayo mkewe aliihifadhi, fundi mwenyewe aliamuru ifutwe, isije ikaonwa na wanaoazima simu.

Aliingia chumbani mbio. Mkewe alikuwa amelala chali, uso umeumuka.

"Mbona mko wawili?" akauliza.

Fundi akatoka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Dukani akauliza, "Mkoba amepita?"

"Wa nini? Kwako kuna nini?" muuza duka akachomoa kichwa dirishani.

"Jiko lake limekwisha," fundi akajibu, akaondoka mbio.

Saluni wakasema wao hawaumwi. Bombani wanawake wakatazamana, wakainamia ndoo zao. Mtaa mzima ulimjua Mkoba, na hakuna aliyekubali kwamba anamjua. Akafika kwa fundi cherehani, bingwa wa kumcheka kuliko wote.

"Mkoba? Nitamwonea wapi mimi?" yule akasema, amesimama mbele ya pazia la chumba cha kupimia nguo. "Mimi mgonjwa? Hebu niache, fundi mwenzangu, nina suruali ya watu."

Chini ya meza, karibu na pazia, lilikaa jiko la mkaa. Limeinama upande mmoja, mguu mmoja haupo.

Fundi akampita mwenzake, akavuta pazia. Mkoba alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikombe cha maji mkono mmoja, vidonge vya kifua kikuu mkono wa pili. Fundi cherehani akajikunyata.

"Haya, umeona. Sasa nenda katangaze."

"Nitangaze nini, ndugu yangu? Mke wangu anakufa!" Akamgeukia Mkoba. "Dada, anaona cheche. Nikadhani ni zangu."

Mkoba alikuwa ameshasimama, simu sikioni. "Tangulia. Mlaze kwa ubavu wa kushoto. Na wewe," akamwambia fundi cherehani, "meza hivyo, halafu tufuate."

Gari lilikomea barabarani, maana kichochoro ni chembamba. Mkewe hakuweza kusimama. Fundi akatazama huku na huku, kisha akavuta kile kitanda cha chuma, akatupia godoro. Fundi cherehani, aliyefika na jiko la Mkoba mkononi, akalitua karakana na kushika mguu wa kitanda, muuza duka akaja, wa bombani wakaacha ndoo. Wakambeba mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, Mkoba akiongoza na kufokea wanaomtikisa.

Garini palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu pamoja na mgonjwa. Fundi akaweka mguu. Akautoa. "Ingia wewe, dada. Mimi nitamfanyia nini huko?"

Hakuna pikipiki iliyopita. Akarudi karakana, akakaa, akainuka. Akaokota jiko lililoletwa na fundi cherehani, akakata mguu mpya, akauchomelea harakaharaka. Ukatoka umepinda. Akaukata tena. Simu ikalia, namba asiyoijua.

"Shemeji," Mkoba akasema, "wamemfanyia upasuaji. Mtoto ni wa kike, analia kama anadai. Mama yake presha inashuka, lakini bado wanamlinda. Bado. Njoo."

Fundi alikuwa akitafuta viatu, mara mteja wa kitanda akatokea mlangoni, amefura.

"Kitanda changu kiko wapi?"

"Barabarani. Kilimbeba mke wangu."

"Ana nini mkeo?"

Muuza duka akatega sikio. Bombani maji yakamwagika hovyo. Fundi akafunga kamba za viatu.

"Presha ya mimba. Nenda kamuulize Mkoba, anakuja kwangu siku zote," akasema, akachukua jiko na kuliweka nje, mbele ya mlango mkubwa, kisha akaanza kukimbia.