Skrubu ya Kitanda

Mimi ni fundi wa viti vya magari, na nina mdomo. Mteja akiniletea kiti kilichotobolewa na sigara akadai kimetoboka chenyewe, namwambia viti havivuti. Karibu miaka ishirini nimekula kwa kuwaambia watu ukweli kuhusu magari yao, na sijawahi kumwonea mtu haya.

Kwa hiyo asubuhi kaka yangu alipoliingiza gari la marehemu baba uani kwangu, nilianza kama kawaida, hata salamu sijatoa.

"Leo umelifunika?"

Huo ni utani wa nyumbani kwetu. Wote tulikuwa tunaucheka isipokuwa yeye. Alitabasamu upande mmoja, akatoa boksi refu kwenye kiti cha nyuma.

"Nimelipata, fundi. Miezi minane nalitafuta."

Ndani kulikuwa na ganda jipya la dashibodi, ile sehemu laini ya juu, inayopakana na kioo cha mbele. Kwa gari la umri ule, kulipata zima ni bahati ya mtende. Lile la zamani lilikuwa na ufa wa kuingiza kidole, umeanzia juu ya redio ukakimbilia upande wa abiria.

Ufa ule una miaka ishirini na miwili. Baba alilipenda gari lake kupita kiasi, na sheria yake ilikuwa moja: ukiegesha, tandika kitambaa juu ya dashibodi, jua lisiipasue. Kitambaa chenyewe cha kijani, alikikata kwenye pazia kuukuu. Kaka akaliazima wiki moja kwenda ukweni. Aliporudi, ufa huo hapo.

"Nilifunika, baba," alisema. "Kila siku nilifunika."

Baba akanigeukia. Mimi nilikuwa nakula, sina habari na mtu.

"Labda alisahau, baba. Unamjua kaka."

Maneno matano, na tonge liko shavuni. Tangu siku ile kaka hakushika tena ufunguo wa gari lile. Hawakununiana. Waliamkiana, waliulizana hali za watoto. Lakini ukiwa mzaliwa wa kwanza, halafu baba yako anakuona mtu asiyeweza kuachiwa kitu, hilo unalijua hata kama hakuna anayelisema.

Mwaka jana baba alipozidiwa, kaka ndiye aliyewahi kufika. Alishampakia mzee kiti cha mbele, amebaki yeye tu kukaa kwenye usukani. Baba akanyoosha ufunguo nje ya dirisha, akanipa mimi. "Aendeshe mdogo." Kaka akaenda kukaa nyuma. Njia nzima mzee alikuwa anapitisha kidole kwenye ule ufa.

"Hii utanibadilishia lini?" akaniuliza.

"Wiki ijayo, mzee."

Wiki ijayo hiyo nilikuwa nimempigia danadana miaka mingi. Viti vya watu vilinijaa, na gari la nyumbani lilingoja kwa kuwa ni la nyumbani. Hakutoka hospitali.

Basi, tukarudi kwenye kazi. Ganda la dashibodi halivutwi kwa hasira. Unatoa redio, unalegeza skrubu za chini, unapenyeza mkono kwa nyuma na kulisukuma kwa kiganja. Upande wa redio likagoma. Nikalitukana, nikapapasa, nikakuta skrubu moja isiyo ya ukoo wa zile nyingine. Nikaifungua mizunguko mingi, mpaka nikachoka. Nikalitoa ganda, nikaligeuza juu ya meza.

Ufa husomwa kwa chini. Juu unaona mstari tu, chini unaona ulipoanzia. Huu ulianzia kwenye tundu la skrubu ile, ndefu mara mbili ya wenzake, ncha yake imepita sponji yote na kusimama chini kabisa ya ngozi. Kutu imekula pande zote. Jua lilikuja kumalizia kazi ya mtu.

"Mshenzi gani huyu," nikasema kwa sauti, "anayefunga gari kwa skrubu ya kitanda?"

Sauti yangu mwenyewe ndiyo iliyonijibu. Kabla sijaingia kwenye viti, nilikuwa kwa seremala, natengeneza vitanda. Mwezi ule ule wa safari ya kaka, kabla hajaondoka, baba aliniomba nimfungie spika chini ya dashibodi. Skrubu moja ilipotea. Mfukoni nilikuwa na za kazini. Ilikaza vizuri, nakumbuka, na mzee akanipiga bega kwa kuridhika.

Nikakaa. Nje, kaka alikuwa bombani anafua kile kitambaa cha kijani, ametoa na viatu. Alikisuuza, akakikamua taratibu, akakianika juu ya boneti na kuzinyoosha pembe zake moja moja.

Niseme ukweli: niliitia skrubu mfukoni. Chini ya dashibodi anasoma fundi tu, na fundi ni mimi. Nikafunga ganda jipya, nikarudisha redio, nikafuta vumbi. Likakaa kama lilizaliwa pale. Nikamwita.

Alikaa kwenye usukani, akapitisha kiganja juu ya ganda mwanzo hadi mwisho.

"Mzee angeliona hili," akasema, "labda angenipa ufunguo."

Alisema kwa kucheka, lakini macho hayakucheka. Nikaona siwezi. Nikaitoa skrubu, nikaiweka kiganjani mwake, nikamweleza yote: spika, seremala, tundu, na yale maneno matano ambayo hata sikuwa na uhakika kama anayakumbuka.

"Nayakumbuka," akasema.

Aliigeuza skrubu mara mbili tatu.

"Sasa ungelitoa lile ganda mzee alipokuomba…"

"Angeiona," nikasema. "Ningemwonyesha mwenyewe."

"Ungemwonyesha?"

Mimi mwenye mdomo nikamwambia nisamehe, kaka.

"Miaka ishirini na miwili," akasema polepole. "Mdogo wangu, mimi mwenyewe nilifika mahali nikaamini nilisahau kufunika. Nilimwomba mzee radhi kwa kosa hilo. Kitandani pale pale hospitali."

"Akasemaje?"

"Akasema yamepita."

Akashuka. Akakichukua kitambaa, bado kina unyevu, akakikunja mara nne. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akaninyooshea ufunguo.

"Nipeleke nyumbani."

"Kaka, gari ni lako. Endesha."

"Endesha wewe." Alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. "Mimi nimeshazoea huku."

Akakaa pale pale alipokaa siku ile, kitambaa mapajani. Nikawasha gari. Kiti cha mbele, upande wa abiria, kilikuwa kitupu, na mbele yake ganda jipya halikuwa hata na mkwaruzo.