Kiingereza cha Kujazia Tangi

Tusekile hakuwa na ndugu forodhani. Hakuwa na viatu vya kufunika vidole, wala pasi ya kunyooshea nguo, wala mtu wa kumwombea kwa bosi. Kiingereza alikuwa nacho, cha madarasa ya jioni, na sarufi yake haikuwa na doa. Asubuhi ya usaili, mlangoni pa ofisi ya wakala wa forodha mjini Tunduma, alifuta vumbi miguuni kwa ncha ya kitenge, akaingia.

Kiti kilichotafutiwa mtu kilikuwa cha mapokezi, cha kupokea simu za wateja wa Zambia. Bwana Efraimu, mwenye ofisi, alimsalimu kwa Kiingereza. Kwao Mbebe, kijijini Ileje, salamu ya mkubwa haijibiwi kwa neno moja. Tusekile akachuchumaa kwa heshima, akajibu kwa Kiingereza kwamba mama hajambo, mahindi yamebeba vizuri, nguruwe pori wamepungua, na bibi amezikwa salama. Lafudhi yake ilipanda na kushuka kama njia za Ileje. Alipofika kwenye habari ya bibi, manyunyu yalikuwa yameanza kudondoka kutoka darini, membamba, ya baridi, yenye harufu ya migomba.

Bwana Efraimu akasogeza nyaraka zake.

"Dada, Kiingereza chako kina mvua."

"Ni ya kwetu, baba. Haizidi hapo."

"Wateja wangu ni watu wa kuvaa tai. Niwaloweshe?"

Dereva wa Kizambia aliyekuwa akisubiri karatasi zake kwenye benchi aliinua uso, akaukingia manyunyu. "Mwebantu, jamani, mwacheni bamayo, mama huyu, aongee," alisema. "Vumbi la foleni limetumaliza."

Kiti alipewa Brian, aliyejifunza Kiingereza kwenye televisheni. Yeye alipoongea palibaki pakavu. Madereva walimwomba arudie, akarudia, na Bwana Efraimu akasema huyo ndiye anayeongea kama Mzungu.

Kiangazi kilipokaza, mabomba ya mtaa yakakauka. Bwana Efraimu akamwita Tusekile, akamwonyesha tangi nyuma ya ofisi, akamwekea ngazi. Tangu hapo alipanda kila asubuhi, akainamia mdomo wa tangi, akazungumza Kiingereza: habari za mazao, za misiba, za ndoa zilizovunjika. Tangi likajaa. Majirani wakapanga ndoo. Nesta wa mgahawani alisema maharage yanaiva upesi kwa maji yale. Brian aliyanywea chai.

Siku moja simu ya mapokezi iliita, Brian hayupo. Tusekile akanyoosha mkono.

"Acha, dada," alisema Bwana Efraimu kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya. "Utailowesha. Wewe kazi yako iko nje."

Jumamosi kondakta wa basi la Ileje alimletea ujumbe. Mama yake, aliyeuza mtamba ili binti asome, alikuwa anauliza: kile kiti umekipata?

Tusekile akaketi kwenye ngazi, akaandika kwa Kiingereza. *Mama, nimeajiriwa ofisini. Kazi yangu ni kuongea Kiingereza, na mtaa mzima unanitegemea.* Hapakuwa na neno la uongo. Aliisoma barua kwa macho tu, karatasi isilowe. Kisha akaikunja, akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akampa kondakta. Basi likaondoka, naye akapanda ngazi.