Namba ya Serikali kwenye Kompyuta ya Hafsa

Hafsa aliiona namba kabla hajakaa. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe, kwa brashi nene, juu ya mfuniko wa kompyuta yake. Ilikuwa namba ya aina ile inayopigwa kwenye viti na makabati ya ofisi za serikali, ili mtu asije akavibeba kwenda navyo nyumbani. Rangi bado ilikuwa inanuka. Aliyeiandika mkono ulimteleza, tone likashuka mpaka kwenye bawaba.

"Nani kafanya hivi?"

Dauto, mwenzake wa meza ya pili, akainamia karatasi zake kana kwamba zimemwita.

"Dauto, naongea na wewe."

"Muulize shefe," akasema bila kuinua kichwa.

Ofisi yao ilikuwa ndogo, vyumba viwili mkabala na soko la mji wa Palma, na kazi yake kubwa ilikuwa kutoa vibali vya wavuvi. Watu waliporudi kutoka kwenye ukimbizi wa vita waliikuta haina milango wala madirisha. Serikali ikaikarabati, ikaleta meza, ikaleta na laptopu moja mpya. Shefe wao, yaani mkuu wa ofisi, Teodoro, mtu wa kusini aliyepangiwa kazi huku, akasema chumba hakina nondo, wezi wataiba, akaichukua kwake kuilinda. Akailinda kweli kweli: haikurudi tena. Mwanawe akawa anacheza michezo ya mpira humo, na mkewe, Lígia, akawa anaangalia tamthilia. Mji mzima ulijua.

Lakini vibali lazima viandikwe. Hafsa ndiye aliyeleta kompyuta yake mwenyewe kutoka nyumbani. Aliinunua kwa kuuza bangili zake za harusi, kwa sababu alikuwa anasoma chuo kwa masafa na amechoka kuandika kazi za shule kwenye simu. Mama yake, Bi Cadija, alimnunia kwa bangili zile mpaka hasira zikapoa zenyewe. Asubuhi kompyuta ilikwenda ofisini kwenye mkoba wa kitenge, jioni ikarudi. Nyumbani watoto waliangalia katuni, na majirani walikuja kuchapiwa karatasi za kuombea kazi Afungi, kwenye mradi wa gesi. Wakishalala wote, Hafsa aliandika monografia yake, kitabu cha kumalizia chuo. Ijumaa iliyopita Teodoro alimwambia, akimwita dada kwa Kireno, "Mana Hafsa, iache hapa leo, nimalizie ripoti ya wakaguzi." Akaiacha, na neno la siri akampa.

Sasa aliibeba vilevile na rangi yake, akaingia nayo chumba cha shefe bila kubisha hodi.

"Senhor Teodoro, hii nini?"

"Ah. Hiyo." Teodoro alikuwa anakunywa chai. "Kaa kwanza."

"Sikai."

Akamweleza, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Laptopu ya ofisi mwanawe kaimwagia soda, haiwaki. Wakaguzi wanakuja keshokutwa na watataka kuiona. Basi wataiona hii, watahakiki namba, wataondoka.

"Na wakishaondoka itakuwa ya nani?"

"Itakaa hapa hapa ofisini. Utaendelea kuitumia kama kawaida. Kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba ni yangu!"

"Yako." Teodoro akaweka kikombe chini. "Umeichaji kwa umeme wa nani? Ripoti za nani zimo humo? Miaka yote hii unafanyia kazi ya serikali, leo unasema yako?"

"Basi nipige na tumbo langu namba, maana nimekunywa maji ya ofisi!"

Teodoro akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mkataba wako unaisha mwezi ujao, mana Hafsa. Unamjua anayetia saini." Akanyoosha mkono, akaichukua kompyuta mezani, akaifungia kabatini, ufunguo akautia mfukoni.

Hafsa alirudi nyumbani na mkoba wa kitenge mtupu. Watoto waliuliza katuni ziko wapi, akawafokea, halafu akaona uchungu kwa kuwafokea, halafu akazidi kukasirika kwa uchungu huo. Bi Cadija alisikiliza habari yote huku anachambua mchele.

"Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nimebusu vya kutosha, mama. Midomo imechubuka."

"Kazi hakuna, Hafsa. Watu wanalala getini Afungi wakitafuta kufagia."

"Kwa hiyo achukue tu? Kesho akitaka kitanda chako nacho apige namba?"

Mama akaurudia mchele wake. Hafsa akampigia mumewe, Abibo, aliyekuwa anapika ndani ya kambi ya Afungi na kuja nyumbani kwa zamu. Abibo naye akasema taratibu, mke wangu, hawa ni wakubwa, huku ndani mtu akipaza sauti tu anatolewa nje ya senyenge. Hafsa akamkatia simu. Kilichomuuma kuliko namba ile ni kwamba kila aliyempenda alimwambia kitu kimoja: tulia. Hakuna hata mmoja aliyesema, hilo ni jambo baya.

Jioni alikuja Joaquina, mama wa Kimakonde aliyekimbia vita kutoka upande wa Awasse, sasa anauza makopa, mihogo mikavu, sokoni. Alitaka mwanawe achapiwe karatasi za kuombea udereva.

"Sina kompyuta," Hafsa akasema. "Imekuwa ya serikali." Akamsimulia.

Joaquina alisikiliza mpaka mwisho. "Mwizi," akasema. Neno moja tu, akajifunga kanga yake, akaondoka. Hafsa akahisi kama amepewa maji.

Siku ya ukaguzi alikuja mama mmoja kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa, Natália, mkaguzi, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na uso wa mtu aliyesafiri vibaya. Alihesabu viti. Alihesabu mafeni. Teodoro akafungua kabati, akaiweka kompyuta mezani mbele yake kwa mikono miwili.

"Hiyo si ya serikali," Hafsa akasema. "Ni yangu."

Teodoro akatabasamu. "Ameizoea tu, senhora. Anaitumia kila siku, mpaka anaiona yake."

"Fungua," Natália akasema.

Teodoro akaandika neno la siri. Alikuwa amelibadilisha, Hafsa aliona vidole vyake vikiandika kitu asichokijua kwenye kompyuta yake mwenyewe. Lakini vitu vyake vyote vilikuwemo. Picha za watoto wake na za harusi zilijaa kioo kizima.

"Unaona?" Hafsa akasema. "Wanangu hao. Na harusi hiyo ni ya mdogo wangu, Laila."

Natália akavua miwani. "Dada yangu, nimekagua ofisi nyingi. Kompyuta za serikali kila mahali zimejaa watoto na harusi za watu. Hilo halinipi jibu." Akamgeukia Dauto. "Wewe unafanya naye kazi. Hii ya nani?"

Dauto aliangalia sakafu. Akamwangalia Teodoro. Akaangalia sakafu tena.

"Mimi, senhora… mimi huikuta mezani."

Hafsa alitarajia uongo kutoka kwa Teodoro. Huu wa Dauto hakuutarajia. Alikula naye mihogo meza moja, alimchapia Dauto barua ya kumwombea mwanawe shule kwenye kompyuta hiyohiyo. Kitu kikakatika ndani yake. Akaifunga kompyuta kwa kishindo, akaikwapua mezani, akatoka nje.

"Huo ni wizi!" Teodoro akapiga kelele nyuma yake. "Mali ya serikali! Mlinzi!"

Mlinzi alisimama, akatazama, akakaa tena. Hafsa alivuka barabara mbio mpaka sokoni, Teodoro akimfuata, na Natália nyuma yao akijikaza na viatu vyake vya mjini. Meza ya Joaquina ilikuwa ya kwanza. Hafsa akaibwaga kompyuta juu ya makopa.

"Jamani!" akapaza sauti kwa Kiswahili, maana Kireno kilikuwa kimemwisha. "Hii kompyuta ya nani?"

"Yako!" akajibu muuza vitumbua bila kuuliza kulikoni.

"Na ile namba ya nini?" mwingine akauliza.

"Wanasema ni ya serikali!" Hafsa akajibu.

Hapo soko likawaka. Joaquina akasimama na kisu chake cha mihogo mkononi. Mmoja akasema mwanawe alipata kazi ya jikoni Afungi kwa karatasi zilizochapwa humo, sebuleni kwa Hafsa, na taa ya sola. Mwingine akasema picha ya marehemu mumewe imo humo, Hafsa aliitoa kwenye simu iliyovunjika. Laila alitoka kwenye kibanda cha nguo akisema picha zake za harusi haziko mahali pengine popote duniani, na anayezitaka aje azichukue kwake. Walisema wote kwa pamoja, kila mmoja akimnyooshea Teodoro kidole.

"Wanasema nini?" Teodoro akamwuliza Natália. Miaka yote aliyokaa Palma hakujifunza hata kuamkiana.

Natália, mtoto wa Pemba, alikuwa anaelewa vya kutosha. Hakumjibu.

"Ya serikali mnaitafuta?" Joaquina akasema. "Mkewe si kaileta kwa fundi wa simu pale! Selemane! Toa kompyuta ya shefe!"

Fundi Selemane, kijana mwoga, hakutaka ugomvi na mtu. Lakini soko zima lilikuwa linamtazama. Akainama chini ya meza yake, akatoa laptopu inayonata soda, vitufe vimeng'olewa nusu. Juu ya mfuniko wake ilikuwa namba ileile, ila hii ilichapwa vizuri kwa mashine, haina tone.

Natália alizishika zote mbili, moja mkono huu, moja mkono ule. Akasoma namba hii, akasoma ile. Akamwambia Teodoro maneno machache ya chini kwa Kireno, na Teodoro akavuka barabara kurudi ofisini, shati limemgandia mgongoni.

"Chukua kompyuta yako," Natália akamwambia Hafsa.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Mengine nitayaandika."

"Andika jina lake," Hafsa akasema. "Na langu andika. Usiandike 'mfanyakazi mmoja'." Hakumwambia asante. Haikuwepo sababu ya kushukuru kwa kurudishiwa kilicho chako.

Teodoro hakufukuzwa. Alihamishwa wilaya nyingine, na wapo wanaosema huko kapewa nyumba nzuri zaidi. Kabla ya kuondoka alitia saini mikataba yote ya ofisi isipokuwa mmoja. Bi Cadija alilia. Abibo aliporudi likizo hakusema nilikwambia, lakini alikuwa analifikiri, na Hafsa alimwona akilifikiri. Namba aliikwangua mwenyewe kwa wembe na petroli. Akaweka meza barazani, akawa anachapia watu karatasi zao hapo, na monografia akaimaliza.

Asubuhi moja watu wako foleni, Dauto akatokea uani. Akasimama mbali kidogo.

"Shefe mpya kanituma," akasema. Alikuwa na flashi mkononi. "Vibali vyote vimo kwako. Na mifano ya ripoti. Hatuna hata kimoja."

"Ulipoulizwa, mdomo ulikuwa nao?"

"Nina watoto, Hafsa."

"Na mimi nimezaa paka?"

Wanawake kwenye foleni wakaguna. Hafsa alitaka kumfukuza. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini aliwafikiria wavuvi. Mtu akikutwa baharini hana kibali, askari wanachukua mashua na nyavu, na pengine na mwenyewe. Wale hawakumkosea kitu. Akanyoosha mkono, Dauto akampa flashi, Hafsa akahamisha vibali, kimoja kimoja majina ya watu anaowajua.

"Na ripoti?" Dauto akauliza.

"Ripoti niliziandika mimi, usingizi wangu nikiukata. Mwambie shefe wako aandike zake."

"Atauliza kwa nini."

"Na wewe mjibu. Jifunze kujibu."

Dauto akatoa mkono kupokea flashi. Hafsa akaiweka kwenye ukingo wa baraza, akamwacha ainame kuiokota. Dauto akasema asante. Hafsa hakuitikia. Akaivuta kompyuta karibu yake.

"Nani anafuata?" akauliza foleni.