Mkono Usipite Ukingo

Yule fundi cherehani hakuwahi kukaa kwenye kiti akatulia. Hata kazini alishona akiwa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kufukuzwa, na wateja walimpendea hilo hilo: kitambaa unampelekea asubuhi, jioni umeshavaa gauni. Sasa mwone mwanamke wa namna hiyo kawekwa kwenye wodi ambayo kila kitu kinakwenda kwa tone. Mwanawe wa kwanza alizaliwa njiti, zaidi ya miezi miwili kabla ya wakati, akiwa na sura ya mzee aliyegombana na wapangaji wake. Tangu siku hiyo alikuwa analala kwenye kisanduku cha joto, waya kifuani, na mrija mwembamba umepitishwa mdomoni hadi tumboni. Wauguzi walimwita Mheshimiwa, kwa sababu akikunja uso tu, watu wazima wanakimbia.

Kunyonya alikuwa bado hajui. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu ni kazi ya watoto waliokomaa. Njiti huyachanganya yote akapaliwa. Kwa hiyo maziwa ya mama yake yalikamuliwa kwenye kikombe, yakapitia kwenye mrija. Unachukua sirinji, unang'oa kile kisukumio cha ndani, unaunganisha bomba tupu na mrija, unamimina maziwa, halafu unashika. Basi. Husukumi kitu. Maziwa yanashuka kwa uzito wake, na mwendo wake uko mkononi mwako: ukishusha mkono yanatambaa, ukiinua yanakimbia.

"Mkono usipite ukingo wa kisanduku," alikuwa akisema muuguzi mkuu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha gwaride, ambaye wodi nzima ilimwita Sista. "Tumbo la huyu halizidi kidole gumba changu. Ukimjaza kwa pupa, yanarudi juu. Yakirudi juu, yanaingia kwenye mapafu. Tumeelewana?"

Walielewana. Fundi miguu yake ilicheza chini ya kiti, akahama kutoka unyayo huu kwenda ule, lakini mkono ulikaa pale pale ulipoambiwa. Huo mkono ndio ulikuwa umama wake wote kwa wakati ule. Kumbeba haruhusiwi, kumwogesha haruhusiwi. Aliruhusiwa kushika sirinji.

Mchana mmoja, saa ya kuona wagonjwa, akaja mama mkwe wake. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke wa masufuria yanayobebwa na watu wawili, aliyeapa kwamba chini ya macho yake mtoto hatoki mezani hajamaliza. Wodi iliruhusu bibi mmoja aingie kusaidia, ili mama akakamue. Sista akamvalisha aproni, akamsimamia anawe mikono mpaka viwiko, akamweleza habari ya ukingo. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa. Usoni, hata hivyo, alikuwa ameshamuonea huruma mjukuu: maziwa ya kulowesha kijiko tu, eti ndiyo mlo!

Fundi akaenda kwenye chumba cha kukamulia, kilichotenganishwa na wodi kwa kioo kikubwa. Siku za mwanzo maziwa yake yalikuwa yakija kwa kubembelezwa, tone hapa, tone pale, naye akalia kwa aibu kama aliyekutwa na deni. Siku hiyo yalikuja yenyewe. Kikombe kikajaa kupita nusu. Furaha ikampanda, akainua kichwa ili amwonyeshe mama mkwe kupitia kioo.

Ndipo alipouona ule mkono.

Kengele ya kumaliza muda wa wageni ilikuwa imelia, na maziwa yalikuwa bado yamebaki kwenye sirinji. Mama mkwe akatazama mlangoni, akatazama sirinji, akainua. Kwanza kifuani, kisha kidevuni, kisha mpaka usawa wa kilemba chake. Maziwa yakateremka mara moja, bomba likabaki jeupe na tupu. Yule mama akatabasamu, akampigia mjukuu kope, kama mtu aliyemwongezea kipande cha nyama kwa siri.

Fundi alikuwa ameshanyanyua ngumi kugonga kioo. Ikabaki hewani. Mama mkwe hagongewi kioo kama mhudumu wa hoteli. Na huyu si mama mkwe wa kusemwa vibaya kwa majirani: alikuwa akimletea uji wa moto kila siku, alifua mwenyewe mashuka ya uzazi bila kuguna, aliwafunga midomo wanawake wa ukoo walioanza kunong'ona kwamba bibi harusi hana kizazi cha maana. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba amekosea kumlisha mtoto, yeye aliyelisha shule nzima? Fundi akashusha ngumi. Akajiambia pengine haitakuwa kitu.

Ikawa kitu. Kikombe kilikuwa bado mkononi mwake mashine ya zile waya ilipoanza kulia. Mheshimiwa alikuwa ametapika, midomo imegeuka rangi, na Sista amefika pale kwa mwendo ambao mwili wake haukuonekana kuuweza. Wakamnyonya maziwa kooni kwa bomba, wakamwekea oksijeni, wakamsugua mgongo. Kwa muda ambao fundi hakuweza kuupima, mtoto hakupumua. Kisha akapumua, akalia kilio chembamba cha kudai haki yake.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye pete ya ndoa na macho ya kukosa usingizi. Akauliza mtoto alilishwaje.

"Nimempa vizuri tu," akasema mama mkwe, naye Sista, ambaye wakati ule alikuwa kwenye kitanda kingine, hakuwa na la kuongeza.

"Basi tunasimamisha maziwa," akasema daktari. "Njiti akitapika ghafla hivi, naogopa utumbo. Kuna ugonjwa wa utumbo unaowakamata hawa, hauna mchezo. Tutampumzisha siku kadhaa, apate dripu na dawa. Mishipa ya mikono na miguu imechoka, itabidi tutafute ya kichwani."

Wakatolewa nje. Kwenye korido fundi akaanza kutembea: mpaka mlango wa stoo, arudi, mpaka dirishani, arudi. Aliketi, akainuka kabla kiti hakijapata joto. Alijua analotakiwa kusema, na kila alipolifikisha mdomoni liligeuka mawe. Mumewe, mpakaji rangi wa majumba, alikuwa amekimbia kutoka kazini na rangi bado kwenye nyusi. Alikuwa ameketi kando ya mama yake, wanafanana hata magoti.

"Mimi nadhani ni maziwa yenyewe," mama mkwe akasema mwishowe, kwa upole, na upole huo ndio uliochoma. "Ni mepesi, mwanangu. Sikulaumu. Hukuli vizuri, basi maziwa yatatoka wapi mazito? Tumbo la mtoto limeyakataa."

"Huenda," mume akasema, akitazama viatu vyake.

Fundi akasimama katikati ya korido. Maziwa yake! Yale aliyoyalilia, ambayo siku hiyo tu yalikuwa yamekubali kuja! Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto, na nyuma ya hasira kulikuwa na hofu, maana alimjua mumewe: mtu mwema, mpenzi wa amani, ambaye mama yake akikohoa yeye anatafuta maji. Akisema, nyumba itagawanyika, naye atabaki upande wenye mtu mmoja. Akinyamaza, mtoto atakaa na njaa kwa kosa lisilokuwa la tumbo lake.

Muuguzi mdogo akapita na trei. Juu yake palikuwa na pamba, sindano na wembe.

"Huo wembe wa nini?" fundi akauliza.

"Wa kumnyoa kidogo hapa pembeni, dada. Tupate mshipa."

Fundi akamfuata nyuma nyuma hadi mlangoni, akapiga moyo konde, akaita kwa sauti ambayo ilimshtua hata mwenyewe.

"Daktari! Utumbo wake hauna kitu. Maziwa yalishuka mbio. Mkono ulikuwa juu."

Daktari akageuka. "Mkono wa nani?"

Fundi akashika fremu ya mlango.

"Wa mama."

"Mama gani?" akauliza mume, maskini, kana kwamba kulikuwa na mwingine.

Mama mkwe hakuinuka. Aliunyoosha mkono wake mbele ya tumbo, chini kabisa. "Mimi? Nilishika hapa. Sista mwenyewe alinifundisha. Labda mwenzangu amechanganyikiwa, uzazi ni mgumu."

"Nilikuona kwenye kioo, mama," fundi akasema, na machozi yakamtoka kwa kule kumwita mama. "Uliinua mpaka kwenye kilemba."

"Unajua unachokisema?" mume akaruka. "Mama huyu huyu aliyekufulia? Ambaye…"

"Uliona, ukanyamaza?" daktari akamkatiza, akimwangalia fundi. Hakusema kwa ukali, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa ukali.

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Ni mama mkwe wangu, daktari."

Daktari akaigusa pete yake. Akafikiri. "Sikilizeni. Sina muda wa kuamua nani mkweli. Nitaliuliza tumbo. Sindano ingoje kwanza."

Likaulizwa kweli. Walilizungushia utepe kulipima, wakaliwekea kipimo cha kusikilizia, wakalipiga picha, wakangoja, wakalipima tena. Wakati wote huo walikuwa kwenye korido. Fundi alitembea. Mume alisimama dirishani, mgongo umewageukia wote, na kila fundi alipopita karibu naye, ule mgongo ulikaza. Mama mkwe alikaa na mikono imekunjwa mapajani, akiitazama. Jua lilikuwa limeanza kulegea daktari alipotoka.

"Laini," akasema. "Halijavimba, na picha ni safi. Tunamjaribu, robo ya kile cha mwanzo. Akitapika tena, narudi kwenye sindano, na maziwa tena wiki ijayo, tukijaliwa."

Nyuma yake Sista alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Wanawake nyote wawili, ndani. Mnawe mikono. Leo nataka niwaone kwa macho yangu."

Wakanawa kwenye sinki moja, viwiko vikigusana, bila kutazamana. Sista akayapima maziwa, yale yale ya mchana, akamkabidhi fundi sirinji, akasimama upande wa pili wa kisanduku.

Fundi akashika. Mkono chini ya ukingo. Maziwa yakaanza kutambaa, na hapo ndipo mwili uliokuwa ukitembea tangu mchana ukamlipiza: mkono ukaanza kutetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili. Yote miwili ikawa mtetemo mmoja. Alitaka kukimbia. Alitaka mtu mwingine yeyote duniani awe mama wa mtoto huyu, mtu mwenye mikono iliyotulia. Mheshimiwa akakunja ngumi, akafungua mdomo, akaufunga. Hakutapika.

"Sista," mama mkwe akasema.

Sista hakuondoa macho kwenye sirinji. "Sema."

"Niliinua." Sauti ilikuwa kavu. "Anavyosema, ndivyo. Mpaka kwenye kilemba. Nilisikia kengele, nikaona bado ana chakula chake, nikasema hawa watamwondoa mtoto na njaa. Halafu nikaona midomo yake ilivyogeuka. Nikaogopa. Mwanangu alikuwa ananitazama kama nilivyozoea kutazamwa, nikashindwa." Akavuta pumzi. "Nikamsingizia huyu maziwa mepesi."

Sista alikuwa na maneno, yalionekana yakijipanga kwenye mashavu yake, lakini aliyazuia. Fundi alihisi hasira yake ikitafuta pa kwenda. Haikuisha, tusidanganyane, hasira ya namna ile ilikuwa na kazi ya miezi. Ila mkono ulikuwa unatetemeka, na maziwa yalikuwa yanayumba ndani ya bomba, na mtoto alikuwa hana habari ya nani kamkosea nani.

"Mama," akasema, "shika wewe. Mimi siwezi tena."

Mama mkwe akarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Mimi tena?"

"Shika. Nitakuwa naangalia."

Sista akamtazama fundi, akamtazama bibi, akaguna. Hakukataza. Sirinji ikapita kutoka vidole vyembamba vya kushika sindano kwenda kwenye vidole vinene vyenye makovu ya mvuke. Mama mkwe akaishika kwa mikono miwili, akaishusha, akaishusha tena, akapiga magoti kabisa sakafuni ili asije akakosea, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Alikuwa ameizuia pumzi. Akaishika chini mno, hata maziwa yakasimama kabisa, hayapandi wala hayashuki, na yeye macho kwayo, hathubutu kutikisa kidole.

Fundi akainama, akamwekea kiganja chini ya kiwiko.

"Inua kidogo, mama," akamwambia. "Hapo. Kidogo tu. Hayo, yanashuka."